Acheni kusaga pedi, tafuteni presha ilikofungiwa

Land Cruiser ya watalii inateremka kutoka Ngorongoro, inafika Karatu breki ya mbele kushoto imekaba, rimu inanuka na haishikiki kwa joto. Gereji wanafungua tairi, wanachomoa pedi za breki, wanazipitisha kwenye grainda "zipate nafasi", wanarudisha. Tairi linazunguka laini na bili inalipwa. Kesho yake linanuka tena. Hongera fundi: umekula pedi, ugonjwa umeuacha.

Unene wa pedi haujamishi breki. Pistoni zinazozisukuma pedi hujisogeza zenyewe kufuata pedi inavyokwisha, kwa hiyo ukisaga milimita 2, pedali ikikanyagwa mara chache tu pengo limezibwa. Kilicholegeza tairi ni kule kusukuma pistoni nyuma. Grainda haikufanya lolote.

Cha kujua kwanza ni kama kuna presha ya mafuta ya breki iliyofungiwa au kuna chuma kilichokwama. Gari lipimwe likiwa bado linakaba, maana likipoa linaweza kujiachia na ushahidi ukapotea. Weka kabari kwenye matairi ya nyuma, inua mbele, weka stendi (jeki peke yake ni kutafuta msiba), giabox iwe huru na hab za mbele (zile za kuunganisha tairi na 4x4) ziwe FREE, usije ukaishitaki breki kwa uzito wa difu (gia za ekseli). Vaa miwani, mafuta yatakuwa ya moto.

Likikaba tairi moja, anza pale bomba la chuma linapoungana na hozi, ule mpira unaopeleka mafuta kwenye breki ya tairi. Legeza nati ya bomba, spana namba 10, kidogo tu. Tairi likiachia, presha ilikuwa inashikiliwa huko juu: masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali), au bomba lililopondwa na jiwe. Lisipoachia, kaza, kisha fungua kibolti cha kutolea upepo kwenye kalipa (kile chuma kinachobeba pistoni na pedi). Mafuta yakiruka na tairi likawa huru, mwizi ni hozi. Kibolti kiko wazi na tairi bado linakaba? Hapo ndipo unaruhusiwa kuilaumu kalipa.

Hozi ndiyo inayowapita wengi, kwa sababu nje inang'aa kama mpya. Ndani utando umevimba au umechanika. Mguu ukikanyaga, presha ni kubwa na mafuta yanapenya; ukiachia, kinachoyarudisha ni mnyumbuko mdogo wa sili (ringi ya mpira) ya pistoni, na huo hauwezi kusukuma kipande cha mpira kilichoziba njia. Na nani aliuchana utando? Mara nyingi ni yule yule aliyebana hozi kwa vaisgripu (koleo la kujifunga) siku ya kufungua kalipa, eti mafuta yasimwagike. Badilisha hozi za mbele zote mbili. Zina umri mmoja.

Yakikaba matairi yote mawili ya mbele, achana na kalipa, nenda kwenye masta. Legeza nati zinazoishika kwenye busta (ngoma inayousaidia mguu kukanyaga), ivute mbele milimita chache. Breki zikiachia, fimbo ya kusukuma ni ndefu, au swichi ya taa za breki inazuia pedali isirudi mwisho. Hapo tundu la kurudishia mafuta kwenye tangi halifunguki, na kila joto likipanda breki zinajikanyaga zenyewe. Zisipoachia, fungua nati ya bomba pale masta. Zikiachia hapo, tundu limeziba au pistoni ya masta hairudi.

Kalipa ikiwa na hatia kweli, basi ioshwe kweli. Za mbele za Land Cruiser 70 zina pistoni nne. Weka ubao katikati, zitoe kwa upepo wa kompresa kidogo kidogo, vidole mbali. Kutu hujificha ndani ya mfereji wa sili, ikiisukuma sili ibane pistoni. Sugua mfereji mpaka chuma kionekane, bila kuukwaruza. Pistoni yenye vishimo haipigwi msasa, inatupwa. Osha kwa spiriti, paka mafuta mapya ya breki, sili mpya. Petroli, dizeli na grisi ya beringi huvimbisha mpira, na hapo umejitengenezea kazi ya mwezi ujao.

Mafuta yaliyoungua yote nje. DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ila ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140, na breki inayokaba kwenye mteremko wa kreta inaweza kufika huko.

Haya, nakubali: zipo pedi zinazokwama zenyewe, masikio (ncha zake za pembeni) yamejaa rangi nene ya kiwandani, kutu, au tope jeusi la Ndutu lililokauka kama saruji. Piga tupa masikio, safisha pini, basi. Ule upande unaogusa diski usiguse.

Ukimaliza kutoa upepo, endesha kilomita 10 ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, simama, linganisha joto la rimu ya kushoto na ya kulia. Zikitofautiana sana, tikisa tairi juu na chini na ulizungushe kabla hujafungua tena kalipa. Beringi iliyokazwa kupita kiasi nayo huchoma hab vile vile.