Kuni za Kwetu, Dizeli ya Kwao

Huu ni mwaka wa tisa naishi Linköping, kusini mwa Sweden, ambako mabasi ya mjini hutembea kwa gesi inayotokana na mabaki. Jikoni kwangu umo mfuko wa kijani ambamo hutia maganda ya ndizi, miba ya samaki na wali uliochacha. Hutupwa pamoja na taka nyengine, na huko kiwandani mashine huutambua kwa rangi yake na kuutenga, ili kilichomo kioze na kutoa gesi. Ndugu wanaonitembelea hulistaajabia basi hilo, kisha husema kwamba wenzetu wamefika kwenye nishati ya mimea na sisi tumebaki nyuma.

Kauli hiyo siikubali. Mama yangu pale Wete, Pemba, amepikia kuni, makuti, vifuu na makaa umri wake wote, na hiyo nayo ni nishati ya mimea. Tukipima ni kiasi gani cha nishati ya nchi kinachotoka kwenye mimea, Tanzania inaipita Sweden kwa mbali. Kinachotutenganisha ni usimamizi.

Mti unapochomwa hutoa hewa ukaa ile ile uliyoivuta wakati unakua, na mwengine ukiota mahali pake na kuachwa ukue, hewa hiyo huvutwa tena. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa haziutii moshi wa kuni katika jumla ya hesabu za nishati, bali huihesabu hasara upande wa ardhi na misitu, pale mti ulipokatwa. Ni utaratibu wa busara, lakini unadai awepo mtu wa kuuangalia msitu na kuandika ukweli. Asipokuwepo, deni linakuwa kubwa na daftari linabaki jeupe.

Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho tulinunua polo la makaa lililokuja kwa chombo. Nilimuuliza muuzaji ni mti gani, umekatwa wapi na kwa kibali cha nani. Alinijibu kwa upole kwamba ni makaa ya bara. Mama alilifungua, akachagua vipande vikubwa kwa mkono, akazitenga chenga kwenye ndoo, akawasha seredani huku akikohoa. Katika nyumba ile hakuna aliyekosa. Aliyekosekana ni wa kujibu suali langu.

Sweden ilianza kutoza kodi ya hewa ukaa mwaka 1991, na kwa kuwa kodi hiyo haikuwekwa kwenye nishati ya mimea, mitambo inayopasha joto majumba iliacha mafuta taratibu na kuhamia kwenye mabaki ya mbao na taka. Hata hivyo wao nao wameonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kurudi nyuma. Wauzaji wa dizeli walitakiwa kupunguza hewa ukaa yake kwa asilimia 30.5, hasa kwa kuchanganya mafuta ya mimea, na Januari 2024 serikali ikashusha sharti hilo hadi asilimia 6 ili bei ipungue. Mwaka huo huo hewa ukaa ya nchi ikapanda. Magari yalikuwa yale yale na barabara zile zile, ila sheria imebadilika.

Wala Ulaya haikuwa na mikono safi ilipotafuta mafuta hayo nje: wanakijiji wa Kisarawe na Kilwa wanakumbuka ardhi iliyotolewa kwa kampuni za kigeni zipande mbono, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, na jinsi miradi hiyo ilivyokufa kabla ya ahadi kutimia.

Serikali yetu imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Kwa ajili ya kifua cha mama naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini gesi ya mtungi inatoka ardhini, si kwenye mimea, na mamilioni ya majiko yataendelea kuwaka makaa kwa miaka mingi ijayo. Mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioanza 2010 ulizipa shehia kadhaa za Unguja na Pemba mikataba ya kuhifadhi misitu yao, zikajiwekea mipaka na kanuni za ukataji. Kwa hiyo kazi hii tunaiweza. Ninachokitaka ni kila polo linaloshuka bandarini liwe na alama ya msitu lilikotoka na namba ya kibali. Bei itapanda, najua, na mama atakuwa wa mwanzo kulalamika. Tofauti hiyo nitamtumia mimi.