Unene wa watoto wadogo: kilo zilezile, watoto wawili tofauti

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, na asilimia 4 wana uzito uliozidi. Kenya, mwaka huohuo, ilipata asilimia 18 na 3. Kwa takwimu hizo ni rahisi kusema unene usubiri zamu yake.

Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Halmashauri za Tanzania hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa umri huo kwa ajili ya lishe, na fedha hizo hazina mahali pa kupunguzwa. Tena ujumbe wa kupunguza mafuta ukitangazwa redioni hauchagui nyumba. Utamfikia mama wa Masaki, mtaa wa wenye nacho Dar es Salaam, na utamfikia pia mama wa Njombe ambaye mtoto wake anakunywa uji mwepesi mara mbili kwa siku. Huyu wa pili akiacha kutia karanga kwenye uji, tumemuumiza mtoto ambaye hakuwa na tatizo hilo.

Upande wa pili unatazama yaliyotokea kwingine. England hupima watoto wanapoanza shule, wakiwa na miaka 4 hadi 5. Mwaka wa masomo wa 2023/24, asilimia 12.9 ya watoto wa maeneo maskini zaidi walikuwa na kiribatumbo (unene wa kupindukia), dhidi ya asilimia 6.0 katika maeneo yenye nafuu zaidi. Pengo la mara mbili limeshachimbika kabla mtoto hajajua kusoma. Kwetu, kwa akina mama, unene bado unapanda pamoja na kipato na uko zaidi mijini. Hakuna sababu ya kuamini utabaki huko, maana soda na biskuti zimeshafika kwenye kila kioski. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola ina takriban gramu 37 za sukari, karibu kalori 150. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayenyonya vizuri anahitaji kalori zipatazo 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Akimaliza chupa hiyo, zaidi ya robo ya nafasi hiyo imejazwa na kitu kisicho na protini, chuma wala zinki.

Lakini pande zote mbili zinaitegemea ile asilimia 4 kana kwamba inahesabu watoto wa aina moja, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Kwa watoto chini ya miaka mitano, uzito uliozidi hupimwa kwa kulinganisha uzito na urefu, na kikomo ni alama +2, yaani mikengeuko sanifu miwili juu ya kiwango cha kati, kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani. Chukua wavulana wawili wa miaka miwili kamili, kila mmoja kilo 12.7. Wa kwanza ana urefu wa sentimita 87, yuko sawa kabisa. Wa pili ana sentimita 80: amedumaa, kwa kuwa kikomo cha umri wake ni 81, na papo hapo amevuka +2. Anahesabiwa mara mbili, kwenye udumavu na kwenye unene.

Kliniki itamwona? Mara nyingi hapana. Mstari wa uzito kwa umri utamweka katikati, kwa sababu wastani wa umri huo ni kilo 12.2. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono nao una kikomo cha chini tu: ukizidi sentimita 12.5 ni kijani, yaani salama, hata mkono uwe mnene kiasi gani. Kinachohitajika ni ubao wa urefu na watu wawili wa kumshika mtoto, bila viatu, nywele zilizosukwa juu zikiwa zimefumuliwa. Chini ya miezi 24 hupimwa amelala, kuanzia hapo amesimama. Kuchanganya mikao hiyo huleta kosa la takriban sentimita 0.7, linalotosha kumhamisha mtoto upande wa pili wa mstari.

Watoto waliofuatiliwa hadi utu uzima Brazili, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini walionyesha jambo muhimu: kurefuka vizuri katika miaka miwili ya kwanza kuliendana na elimu zaidi, ilhali kuongeza uzito haraka baadaye, bila urefu kulingana, kuliendana na unene ukubwani na faida ndogo. Kwa hiyo mvulana wa sentimita 80 hapunguziwi chakula. Anabadilishiwa: yai, dagaa, maharage na maziwa viingie, soda na biskuti zitoke. Mtoto wa mjini mwenye urefu wa kutosha aliyevuka +2 anahitaji mazungumzo mengine kabisa na mzazi, kuhusu vinywaji, chipsi na muda wa kucheza nje.

Naona hoja ya kusubiri inashinda kwenye matangazo ya umma ya kupunguza kula, na inashindwa kwenye upimaji. Ubao wa urefu unahudumia udumavu na unene kwa pamoja, kwa hiyo ile shilingi 1,000 haigawanywi. Na ripoti za mikoa zitenganishe walio na uzito uliozidi na wamedumaa, na walio na uzito uliozidi ilhali urefu wao unatosha. Bila safu hizo mbili, afisa lishe wa Iringa na mwenzake wa Kinondoni, jijini Dar es Salaam, wataendelea kupewa mwongozo mmoja.