Zimamoto "wamekuja bila maji": nani asome daftari la simu?

Jengo likiungua mjini hapa Tanzania, lawama ni ileile: zimamoto wamechelewa, na walipofika hawakuwa na maji. Anayesema usimamizi urudi kwa halmashauri, kama kabla ya sheria ya 2007 iliyoweka kikosi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, huonekana anataka kuturudisha nyuma. Nadhani hasikilizwi vizuri.

Tuanze na maji. Gari la lita 5,000 likifungua mpira mmoja wa lita 500 kwa dakika, tangi limekauka dakika ya kumi. Mipira miwili, dakika ya tano. Soko au ghorofa haizimwi kwa dakika tano. Kwa hiyo gari "lisilo na maji" huenda lilikuja limejaa pomoni, likamwaga yote, likabaki kutafuta kisima cha zimamoto, yaani tundu la barabarani la kuchotea maji ya bomba. Kisima hicho hutegemea bomba la mamlaka ya maji. Kimefunikwa na lami, au kuna kibanda juu yake, na kibanda kinalipa ushuru halmashauri. Askari mwenye mpira mkononi ndiye anayezomewa.

Wanaotetea mfumo wa sasa wana hoja. Halmashauri yenye mapato ya mnada wa ng'ombe haiwezi kununua gari la zimamoto, achilia mbali vipuri vya pampu. Mafunzo na amri vikiwa mahali pamoja, gari linavuka mpaka wa wilaya bila kuomba kibali. Hilo lisiguswe.

Lakini amri kutoka juu haikatazi jicho la pili, la halmashauri. Kwa kila tukio linalopigiwa 114, namba ya simu ya zimamoto, ziandikwe daftarini nyakati nne: simu ilipopokelewa, gari lilipotoka, lilipofika, maji yalipoanza kutoka mpirani. Muda ukipotea kabla ya gari kutoka, pengine mpigaji alielekeza "nyuma ya msikiti, pale kwenye mwembe". Je, kibao cha anwani za makazi, zoezi lililopita mitaani 2022, bado kipo getini? Ukipotea njiani, tazama malori yaliyoegeshwa barabara nzima. Gari likifika na maji yakachelewa, ulizia kisima. Kikosi kinabanwa zaidi na pengo la kwanza, kati ya simu na gari kutoka. Mengine yanaigusa halmashauri yenyewe. (Ndiyo maana sitarajii madiwani walikimbilie daftari hilo.)

Hofu ya diwani kupigia chumba cha simu ili gari lianze kata yake ni ya kweli. Basi asome baada ya tukio, kwenye kikao cha robo mwaka cha baraza, akiwa ameketi na kamanda wa kikosi na meneja wa maji. Mpokea simu abaki chini ya kamanda wake. Na daftari liongezwe safu moja: kisima kipi kilifunguliwa, na kama kilitoa maji.