Adui Aliyeisoma Damu

Jumatano iliyopita nilimpeleka mpwa wangu kliniki ya sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kama ilivyo ada tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Mbele yetu alikuwa bwana mmoja aliyempakata binti yake wa miaka kama minne, vidole vya mkono wake wa kushoto vimevimba. Bwana huyo alikuwa akisikiliza habari za wakimbizi kwenye simu; alipochoka akaizima, akatangaza kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa kwamba mgeni hana analoleta ila tumbo lake. Watu kadhaa waliitikia kwa vichwa. Nilinyamaza, kwa kuwa foleni ya hospitali si baraza, lakini kilichoniudhi kuliko maneno yenyewe ni karatasi aliyoikunja mkononi, majibu ya maabara yenye herufi SS kama ya kwetu, alama kwamba mtoto amerithi sikoseli kwa wazazi wote wawili, S moja kwa kila mmoja. Maana ya herufi hizo, kwa sehemu kubwa, tumeipata kwa wageni.

Mmoja wao, mwanakemia Max Perutz, alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1914, katika familia ya wenye viwanda vya nguo iliyotaka asome sheria. Akasoma kemia, na mwaka 1936 akaenda Cambridge, Uingereza, kwa fedha za baba yake. Miaka miwili baadaye Hitler aliimeza Austria, mali ya familia ikaporwa, na kijana aliyekuwa mwanafunzi wa kigeni mwenye posho akageuka mkimbizi asiye na senti. Wakati huo alikuwa ameanza kupiga picha za eksirei za fuwele za himoglobini ya farasi, akitaka kujua umbo la protini inayobeba oksijeni katika damu. Waliomzunguka hawakuwa na hakika kwamba jambo hilo linawezekana.

Mwezi Mei 1940, Uingereza ikiwa vitani na Ujerumani, polisi walimkamata. Kosa lake lilikuwa pasipoti. Mtu asiyeweza kurudi kwa Wanazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi aliandikwa kuwa raia wa nchi adui, akapitishwa kambi moja hadi nyingine, kisha akapakiwa melini pamoja na mamia ya wenziwe na kupelekwa Kanada, ambako alifungiwa nyuma ya seng'enge karibu na Quebec. Humo kambini wafungwa walianzisha chuo chao, naye akafundisha namna eksirei inavyofichua mpangilio wa atomu. Hebu tafakari hekima ya serikali hiyo: nchi imo vitani, inahitaji kila mwenye akili, nayo inagharimia meli ya kuwavusha wanasayansi bahari ya Atlantiki ili wakafundishane wenyewe kwa wenyewe kizuizini.

Aliruhusiwa kurudi mapema mwaka 1941. Haukupita muda mrefu, serikali ile ile ikamwita kwa siri, kwa sababu aliwahi kuchunguza barafu ya milimani, akasaidie mpango wa kujenga meli kubwa ya kubeba ndege kwa barafu iliyochanganywa na rojo la mbao. Maabara yake ilikuwa chumba baridi chini ya soko la nyama la Smithfield, London, ambako alifanya kazi nyuma ya mizoga ya wanyama iliyogandishwa. Ilipohitajika asafiri kwenda Marekani kwa ajili ya mpango huo, mwaka 1943, uraia ukapatikana upesi. Meli yenyewe haikujengwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu hupenda kusema kwamba ofisi za uhamiaji zinajua kupambanua mgeni wa maana na mgeni wa hasara. Ofisi hizi zilikuwa na mtu yule yule mikononi mwao, zikamwita adui na kumwita wetu, na kilichobadilika kati ya majina hayo mawili ni shida zao wenyewe.

Himoglobini ilimchukua miaka ishirini na zaidi. Picha alikuwa nazo kwa mamia, ila hazikusomeka, hadi mwaka 1953 alipogundua kwamba akiambatanisha atomu za zebaki na protini hiyo na kulinganisha picha mbili, fumbo linaanza kufunguka. Mwaka 1959 umbo likaonekana: minyororo minne iliyosokotana, kila mmoja na mahali pake pa kushikia oksijeni. Mwaka 1962 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na John Kendrew. Baadaye alipotakiwa kupewa cheo cha Sir, alikataa.

Katika kikosi chake alikuwamo Vernon Ingram, naye mzaliwa wa Breslau, wakati huo mji wa Ujerumani, aliyekimbilia Uingereza akiwa kijana. Ndiye aliyeonyesha, mwaka 1956 na 1957, kwamba himoglobini ya sikoseli inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, pale ambapo asidi ya glutamiki imeondoka na valini ikakaa mahali pake. Mkimbizi mwingine, Hermann Lehmann wa Halle, Ujerumani, alifika hadi Makerere, na mwaka 1949 yeye na Alan Raper walichapisha matokeo ya kupima damu za makabila ya Uganda, ambako kwa Baamba karibu watu 45 katika kila 100 walikuwa wamebeba chembe ya urithi ya sikoseli.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwanakemia Linus Pauling, mzaliwa wa Marekani, ndiye aliyetangulia mwaka 1949 kuonyesha kuwa ugonjwa huu umo ndani ya himoglobini yenyewe. Nakubali pia kwamba wakimbizi wengi hawapati Nobel. Wenyeji nao hawapati, wala hatujasikia mtu akiwadai. Yule kijana wa mwaka 1938 hakuwa na jambo la kuonyesha mlangoni zaidi ya picha zenye madoadoa ambazo hata mwenyewe hakuweza kuzisoma, na kama angepimwa kwa kipimo cha bwana yule wa kliniki, angerudishwa Vienna.

Namba yetu iliitwa saa saba kasoro robo. Muuguzi alimwandikia mpwa wangu vidonge vya foliki asidi, akamuuliza kama anakunywa maji ya kutosha. Tulipotoka, yule bwana alikuwa dirishani ameinyoosha ile karatasi juu ya kaunta, akiuliza S ya pili imetoka kwa nani.