Ramsbottom si makalio ya kondoo

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake anasema jina la ukoo la Kiingereza Ramsbottom lilianza kama tusi, eti babu mmoja alitaniwa kwa makalio ya kondoo dume, maana "ram" ni kondoo dume na "bottom" siku hizi ni makalio. Hapana jamani. Ramsbottom ni mji wa Uingereza, uko kaskazini ya Manchester kando ya mto Irwell, na "bottom" hapo ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya bonde. Nimekaa mji wa Bury miaka sita, ni jirani kabisa na Ramsbottom. Mwezi wa nne ukishuka mtoni pua inajaa harufu ya kitunguu saumu mwitu, majani mapana yametanda chini ya miti, na kwa Kiingereza cha kale mmea huo uliitwa "hramsa", ndiko inakodhaniwa ilitoka "Rams". Wengine wanashikilia kuwa hiyo "Rams" ni kondoo kweli, sawa, lakini bonde linabaki bonde. Ndiyo maana majina ya ukoo kama Sidebottom, Shufflebottom na Ramsbottom asili yao ni Lancashire na Cheshire, majimbo ya kaskazini magharibi ya Uingereza, kwenye vilima na vijibonde, si kusini. Wengine waliona haya wakaandika Sidebotham, Shufflebotham. Huku kwetu nani ana jina la ukoo lililotokana na bonde au mlima?