Uyoga wa sufuriani na uyoga wa kwenye kichupa

Jirani yangu hapa Wete, Pemba, alinionyesha kichupa cha unga wa uyoga alichomnunulia mama yake, anayeumwa saratani ya tumbo. Muuzaji kampa ahadi nzito: anywe miezi mitatu, safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, hamtaihitaji tena. Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Tumtendee haki muuzaji. Hakuzua kila kitu. Wajapani walichuja kutoka uyoga wa shiitake sukari ndefu ya jamii ya beta-glukani, wakaiita lentinani, na mwaka 1985 ikaruhusiwa kwao kutibia saratani ya tumbo. Lakini lentinani hupigwa sindano kwenye mshipa, tena pamoja na tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, kazi yake ikiwa kuupa nguvu ulinzi wa mwili. Haikuwekwa ichukue nafasi ya dawa hizo. Molekuli yake ni kubwa mno, haipiti nzima kwenye utumbo ikaingia damuni. Kijiko cha unga kwenye uji, basi, si sindano ile.

Upande wa antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia chembe haribifu zisiunguze seli, nakiri uyoga umenivutia. Hakuna chakula kinachoushinda kwa ergothioneini, mojawapo ya antioksidanti hizo. Mwili hauwezi kuitengeneza, ila una mlango wake maalumu wa kuiingiza kwenye seli, uliotambuliwa mwaka 2005. Mwili hauwekei mlango kitu usichokitaka, naona mimi. Hata hivyo, Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio la vidonge vya antioksidanti, na matokeo ya 1994 yakaonyesha kuwa waliopewa beta-karotini, mojawapo ya vidonge hivyo, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Kinacholinda seli, au kuua zile za saratani, ndani ya kisahani cha maabara bado hakijamponya mtu.

Wapo watakaosema nawaharibia soko akina mama wanaolima. Nimeingia kwenye banda lao la makuti: joto la unyevu, mifuko ya majani ya mpunga yaliyochemshwa inaning'inia, na pembeni uyoga umejitokeza kama masikio, mweupe, bado una matone ya maji ya asubuhi. Ni kazi ya subira, na nataka iwalipe. Neno "dawa" huuza haraka, naelewa. Lakini uyoga una protini na nyuzi, mafuta karibu hauna, na ukianikwa juani huongeza vitamini D. Ukiutia tui zito na ndimu, watoto hulamba sahani. Uuzwe kwa sifa hizo.

Jirani nilimwambia: mama apikiwe uyoga akiutamani, unga usimame kwanza, maana baadhi ya vitu hivi vinaweza kugongana na matibabu. Wamepanda boti Alkhamisi. Kichupa kimo mkobani, daktari akakione.