Mangi na Magoti Yake Monserrate

Kwa kuwa shemeji ameshaisambaza ile klipu ya mimi nikipanda ngazi za kanisa kwa magoti, tena kaitia kwaya kwa nyuma, na mchungaji kanitumia alama ya kuuliza tupu bila hata salamu, acha niseme mwenyewe. Hapana, sijahamia kanisa la Roma. Hapana, sikuwa natimiza nadhiri. Nilikuwa natafuta hewa.

Tuko Bogotá kwa lile jambo mlilotuombea, la kuasili mtoto. Kolombia wanataka wazazi wote wawili wawepo siku ya kukutana na mtoto, kisha mkae nchini wiki kadhaa mkizoeana naye huku mahakama ikishughulikia hukumu ya kuasili, ndipo pasipoti yake, ndipo viza. Mtoto alishatumiwa albamu ya picha ili atujue sura: mama, nyumba, mbwa, na mimi ndani ya suti, Kilimanjaro nyuma yangu. Miadi ilikuwa Jumatatu. Jumapili hatukuwa na la kufanya zaidi ya kutazamana na kuhesabu saa, nikasema twende tukatembee.

Monserrate ni mlima ulioinama juu ya jiji upande wa mashariki, kanisa jeupe kileleni. Unaweza kupanda kwa treni ya kuvutwa kwa waya iliyopo tangu 1929, au kwa gari la kamba lililoanza 1955, au kwa miguu. Ya miguu ni bure. Mimi Mchaga, sihitaji kusema zaidi. Inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana hawamruhusu tena mtu kuanza kupanda, na Jumanne inafungwa kutwa. Ni kilomita mbili na kitu, ngazi za mawe zaidi ya 1,500.

"Mangi, tupande gari," mke wangu akasema.

"Nani? Mzaliwa wa Marangu?"

Sasa hesabu iliyotakiwa kupigwa kabla ya mdomo kufunguka ni hii. Bogotá yenyewe iko mita 2,640. Kibanda cha Mandara, wanakolala usiku wa kwanza wapanda Kilimanjaro wa njia ya Marangu, kiko mita 2,720. Kwa maneno mengine hoteli yetu ilikuwa karibu kimo kimoja na Mandara, na kilele cha Monserrate ni mita 3,152. Mzaliwa wa Marangu hajawahi kuvuka lango la Marangu hata siku moja, na miaka hii anaishi Minnesota, Marekani, ambako kilima ni daraja la barabara kuu. Huko juu oksijeni ni ileile asilimia 21 ya hewa, ila mgandamizo umeshuka, hivyo kila pumzi inakuletea pungufu ya karibu theluthi moja. Mwili unataka siku mbili tatu za kuzoea: maji mengi, chakula kidogo, pombe usiguse, ngazi usizitafute. Sisi tulitua Jumamosi usiku. Na asubuhi nilikuwa nimemaliza tamale nzima, unga wa mahindi na nyama ya nguruwe ndani ya jani la mgomba, nikaishushia chokoleti ya moto iliyotumbukizwa jibini. Damu yote iko tumboni inashughulikia jibini, miguu inajitegemea.

Nusu ya kwanza nilikuwa natoa mhadhara kuhusu kahawa ya Kilimanjaro. Nusu ya pili mhadhara ukakatika katikati ya neno "arabika". Kichwa kinagonga, masikio yanavuma, na bibi mwenye mwavuli na mjukuu mgongoni akanipita akinitakia asubuhi njema.

Klipu inaanzia hapo. Naomba muiangalie polepole, kwa haki.

Goti la kulia lilikunja lenyewe. Nikashika ngazi ya mbele kwa mkono, nikaona kumbe chini kuna nafuu. Nikaweka na la kushoto. Mkono, goti, goti. Mkono, goti, goti. Msichokijua ninyi wa Minnesota ni kwamba kule kileleni kuna sanamu ya Bwana Yesu akiwa ameanguka, kazi ya karne ya 17, na watu hupanda kumtolea shukrani, wengine peku, wengine kwa magoti. Yaani katika mlima mzima wa kudhalilikia, nimechagua ule ambao kutambaa kuna maana yake.

Yule bibi akarudi. Akaniwekea kiganja kichwani. Nilitaka kumwambia nakufa, ikatoka "aaah", na machozi juu kwa sababu ya upepo. Akafunga macho, akaanza kuniombea. Mzee mmoja akavua ruana yake, shuka la sufu la kujifunika mabegani, akaitandika mbele ya magoti yangu. Nikipita anaikunjua tena mbele. Mwingine kanivika rozari. Nyimbo zikaanza. Nikajaribu kulala ubavu, jamani, kulala tu, wakanishika makwapa kwa upendo wakanirudisha kwenye magoti, maana mtu hawezi kuachwa avunje ahadi yake kwa Mungu akiwa amebakiza ngazi chache. Makofi kila ngazi. Kila ngazi! (Mnaouliza mbona sikusimama: njoo usimame wewe.) Mlangoni foleni ikagawanyika mara mbili nipite. Mke wangu anadai mkono wa kamera ulitetemeka kwa kuguswa. Sikilizeni vizuri sauti ya nyuma, huyo ni mtu aliyeguswa?

Kilichofuata ni kifupi. Wa huduma ya kwanza wakanikalisha, wakaniwekea oksijeni, nikapewa chai ya majani ya koka. Chai hiyo kule inauzwa wazi, ila usithubutu kubeba majani yake kurudi Marekani, na kipimo cha mkojo kinaweza kuisoma kama kokeini. Tukashuka kwa gari la kamba. Kwa kulipia.

Jumatatu, ofisini. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwezi mzima namna ya kuchuchumaa nimsalimie mtoto macho kwa macho. Magoti yakagoma njiani, nikabaki nimeinama nusu, nimeshika meza ya ofisa ustawi. Mtoto akanitazama, akafungua albamu, akatazama ile picha ya Kilimanjaro, akanitazama tena. Kupitia mkalimani akauliza kama mlima ule niliupanda mpaka juu. Kabla sijajibu mke wangu kashatoa simu yenye klipu.

Mtoto ameiangalia mara nne, ofisa naye mara mbili. Sasa ndiyo tunaelewana kabisa, anakula chakula changu, analala na rozari ya watu, na anataka twende naye Monserrate. Gari la kamba kalikataa, anataka kwa miguu.

Nimemwahidi tutakwenda Jumanne.